Arosto Imekwisha, Usingizi Haujarudi

Arosto ya heroini, yaani maumivu ya kuiacha, ina ratiba yake, na waliopita humo wanaijua kwa kichwa. Saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho miayo inaanza, pua inachuruzika, vinyweleo vinasimama. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele: tumbo linakata, miguu haitulii kitandani, shuka linalowa jasho. Wiki ikiisha, au siku ya 10 kwa aliyekolea, kijana anaomba uji na kuuliza matokeo ya Simba na Yanga. Nyumbani wanashusha pumzi. Mjomba aliyelipia soba hausi, yaani nyumba ya nafuu, anaona fedha yake imefanya kazi, na mazungumzo yanahamia kwenye kumtafutia bodaboda ya kuendesha.

Miezi miwili baadaye mama mtu anakuja kliniki peke yake. "Daktari, mwanangu hatumii, nina hakika hatumii. Lakini halali. Anazunguka uani mpaka adhana ya alfajiri. Ukimsemesha anafoka, na juzi kalia mbele ya televisheni bila sababu. Au wameniharibia mtoto huko?" Swali hilo, kwa sura mbalimbali, ndilo akina mama wanaloniletea kuliko jingine lolote.

Hawajamharibu. Anapitia mabaki ya arosto, kipindi ambacho matangazo ya nyumba za nafuu hayakitaji kwa sababu hakiuziki. Usingizi unakatikakatika, chakula hakina ladha, furaha haiji hata kwenye harusi ya dada yake, hasira ziko karibu, na hamu ya unga inamvamia bila kubisha hodi, hasa akipita maskani ya zamani au akishika noti mkononi. Si wote wanaorudia unga wanaorudia siku ya tatu, wakati kila mtu anawalinda. Wengine hurudia mwezi wa tatu au wa tano, wakati walinzi wamekwenda kulala.

Mambo haya yamepimwa zamani. Mwaka 1969 watafiti wawili wa Marekani, William Martin na Donald Jasinski, walichapisha vipimo vya wafungwa waliozoeshwa mofini kisha wakaachishwa katika kituo cha serikali cha Lexington, jimbo la Kentucky. Kamati yoyote ya maadili ya leo ingeutupa utafiti wa namna hiyo kapuni, na ingefanya vyema. Hata hivyo takwimu zake bado zinasomwa: joto la mwili, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, hata namna ubongo unavyoitikia hewa ukaa kwenye damu, vyote vilibaki nje ya kawaida kwa zaidi ya miezi sita baada ya arosto kali kwisha. Mwili ulikuwa bado haujatulia huku mwenyewe akihesabiwa kuwa mzima.

Sababu zinaeleweka kwa kiasi kizuri. Kwenye shina la ubongo kuna fungu dogo la seli zinazotoa noradrenalini, kemikali ya kuamsha na kutahadharisha. Heroini huzikandamiza seli hizo kila siku, nazo hujibu kwa kuongeza nguvu ili ziendelee kufanya kazi. Unga ukiondoka ghafla, nguvu ile yote inabaki haina mpinzani: ndiyo jasho, ndiyo mapigo ya moyo mbio, ndiyo kushtuka mlango ukigongwa. Baada ya wiki chache dhoruba hiyo hupungua, lakini homoni za msongo kama kotisoli huendelea kupanda ovyo kwa kero ndogo tu, na mfumo wa dopamini, unaotupa hamu ya kula, kucheza na kupenda, huchukua miezi mingi kurejea. Kijana anayesema "sisikii raha yoyote" hadeki.

Kitabu cha Wamarekani cha kuainisha maradhi ya akili, DSM-5, hakiyatambui mabaki haya kama ugonjwa unaojitegemea. Kwa hiyo hakuna kidonge chake maalumu, na penye pengo soko halikawii. Utaambiwa kuna mafuta ya kusafisha neva, chai ya kuondoa sumu ya unga, vikombe vya kunyonya damu chafu, yoga, sindano za Kichina, muziki wa masafa fulani. Mengine yana maana na mengine ni biashara ya kumkamua mama aliyekwisha kuuza kitanda. Msimamo wangu ni huu: hakuna hata moja kati ya hayo linalochukua nafasi ya methadoni, dawa inayonywewa badala ya heroini, kwa anayeihitaji, ila machache yanamfundisha mtu kukaa na mwili unaomkera bila kukimbilia kete, na ustadi huo haumo kwenye chupa ya dawa.

Nianze na sindano, kwa sababu kisa chake kinafundisha pande zote mbili. Mwaka 1972 daktari wa upasuaji wa ubongo wa Hong Kong, H. L. Wen, alikuwa akijaribu sindano zenye umeme mdogo kutuliza maumivu. Baadhi ya wagonjwa wake walikuwa watumiaji wa afyuni, na wakamwambia jambo asilolitarajia: arosto yao ilikuwa imepungua. Alichapisha habari hizo mwaka uliofuata. Zikafika New York, kwenye hospitali ya Lincoln huko South Bronx, ambako wanaharakati vijana wa Puerto Rico na wa Kiafrika wa Marekani walikuwa wameshinikiza kuanzishwa kituo cha kuwatoa watu wa mtaa wao kwenye heroini. Wengi wao waliitilia shaka methadoni, wakaiona kama mnyororo mwingine wa serikali. Sindano zilikuwa rahisi, hazikuhitaji vidonge, na mtu wa mtaani aliweza kufundishwa kuzichoma. Baadaye, chini ya daktari Michael Smith, umeme uliondolewa na utaratibu ukabaki wa pointi tano za sikio. Chama cha kuueneza, NADA, kiliundwa mwaka 1985, na leo utaratibu huo umeenea nchi nyingi.

Je, unafanya kazi? Mwaka 2000 utafiti wa wagonjwa 82 waliokuwa wakitumia methadoni na kokeini kwa pamoja ulitoa majibu ya kutia moyo. Wapenzi wa sindano wakafurahi. Mwaka 2002 ukaja mkubwa zaidi, uliochapishwa katika jarida la JAMA: watu 620 wenye uraibu wa kokeini, makundi matatu. Kundi la kwanza lilichomwa pointi halisi za sikio, la pili lilichomwa sehemu za sikio zisizo na maana yoyote kwenye tiba hiyo, la tatu lilikaa tu na kuonyeshwa video za kutuliza akili. Makundi yote matatu yalipunguza kokeini. Tofauti kati yao haikuonekana.

Wapinzani wa tiba mbadala huisoma habari hiyo na kufunga jalada. Mimi naona wanafunga mapema. Matokeo yale yanasema kwamba pointi za sikio hazina siri, sawa. Lakini yanasema pia kwamba mtu aliyezoea kukimbizwa na polisi na kufukuzwa na ndugu, akikalishwa kwenye chumba tulivu na wenzake, dakika 40, bila kuhojiwa wala kukemewa, anaweza kurudi kesho. Kama ni hivyo, kinachostahili kununuliwa ni kile chumba na zile dakika, na sindano ziachwe. Kwenye pwani yetu, ambako homa ya ini aina ya C na VVU vimesambaa kwa njia ya bomba za kujidunga, sioni sababu ya kuleta chuma chenye ncha kali pale ambapo kiti na utulivu vinatosha.

Pumzi ni habari nyingine kabisa, na hapa nitakaa kidogo.

Binadamu aliyetulia hupumua mara 12 hadi 18 kwa dakika. Akishuka hadi mara sita hivi, mapigo ya moyo hupanda wazi zaidi kila anapovuta na kushuka kila anapotoa, kwa mwendo unaolingana na mzunguko wa asili wa shinikizo la damu. Mishipa inayopima shinikizo shingoni na kifuani inakuwa nyepesi zaidi kuitikia, na neva ya vagasi, inayoshuka kutoka ubongoni hadi tumboni, hupunguza kasi ya moyo. Huu ni upande wa pili wa mfumo uleule ambao noradrenalini inauchochea. Kupumua ni kati ya vitu vichache mwilini vinavyojiendesha vyenyewe na bado vinakubali kuongozwa kwa hiari.

Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, na wenzake walichapisha katika jarida la BMJ kipimo cha kupendeza. Walichukua watu wazima 23 wenye afya, wakawapa rozari kwa Kilatini na mantra ya yoga, wakapima upumuaji na moyo. Kote kuwili pumzi zilishuka zenyewe hadi karibu sita kwa dakika, kwa kuwa ndivyo urefu wa maneno ulivyokatwa. Watafiti hao wakakumbusha kwamba huenda rozari iliingia Ulaya kupitia vita vya msalaba, kutoka kwa Waarabu, nao waliipata kutoka mashariki zaidi. Mzee yeyote wa Mkunazini anayevuta tasbihi taratibu baada ya isha hahitaji kuelezwa. Sisemi ibada ni zoezi la mapafu. Wenye dini wana haki ya kukasirika nikisema hivyo. Nasema tu kwamba katika nyumba za nafuu za Unguja, ambako siku hupangwa kwa vipindi vya swala na vikao vya hatua 12 za kuacha uraibu, kuna mwendo ambao mwili tayari unaujua, na mshauri mwerevu ataanzia hapo kabla ya kuagiza mkufunzi kutoka ng'ambo.

Jinsi ya kufanya: kaa kwenye kiti cha kawaida, nyayo zote zimegusa sakafu, macho wazi yakitazama chini hatua mbili mbele. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne bila kujaza kifua mpaka pomoni. Toa taratibu ukihesabu hadi sita. Dakika tano zinatosha kuanzia, mara mbili kwa siku, na moja kati ya hizo iwe jioni kabla ya kulala. Kizunguzungu kikija, unavuta nyingi mno, punguza. Siku za mwanzo wengi husema hawasikii kitu, na nawaamini. Faida haitafutwi kwenye raha ya papo hapo. Inatafutwa kwenye usiku wa wiki ya tatu, pale mtu anapoamka saa nane, moyo unadunda, na kwa mara ya kwanza ana kitu cha kufanya zaidi ya kutazama dari na kukumbuka namba ya simu ya muuzaji.

Nimesema macho wazi kwa makusudi. Vitabu vingi vya kutafakari huanza kwa kumwambia mtu afumbe macho na kuusikiliza mwili wake kuanzia unyayoni. Kwa mwanamke aliyebakwa akiwa kijiweni, au kijana aliyefungwa mnyororo kwenye nyumba ya "tiba" isiyosajiliwa, mwili ndipo hofu inapoishi. Ukimfungia humo gizani unaweza kumrudisha siku ileile. Anayefundisha mambo haya lazima ajue kusimamisha kipindi, kumfanya mtu aone chumba, ataje rangi ya pazia, ashike ukuta. Asiyejua hilo asipewe kundi.

Upande wa akili, mtu wa kumtaja ni Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, aliyefariki mwaka 2011. Alimfundisha mvutaji sigara mmoja aliyekuwa mpenzi wa kuteleza juu ya mawimbi aichukulie hamu kama wimbi: linainuka, linafika kileleni, linavunjika lenyewe. Usipigane nalo wala usilikimbie, kaa juu yake. Watu wa Nungwi na Lamu hawahitaji picha ya kuelewa hili. Hamu kali mara nyingi hupanda na kushuka ndani ya nusu saa, lakini mtumiaji hajui, kwa sababu kwa miaka yote hajawahi kuiacha ifike mwisho. Kila ilipoinuka aliizima kwa kete.

Wanafunzi wa Marlatt, wakiongozwa na Sarah Bowen, walijaribu mafunzo hayo kwa watu 286 waliokwisha kumaliza tiba ya awali, na mwaka 2014 matokeo yalitoka katika JAMA Psychiatry. Miezi sita baadaye, kundi la kutafakari na lile la mafunzo ya kawaida ya kuzuia kurudia yote yalikuwa mbele ya wale waliopata huduma ya kawaida ya vikao. Mwaka ulipotimia, kundi la kutafakari lilikuwa na siku chache zaidi za kutumia dawa kuliko hata lile la mafunzo ya kuzuia kurudia. Lazima niongeze kwamba tafiti nyingine hazikuwa na majibu mazuri hivyo, na wapitiaji wakali wa ushahidi wote kwa pamoja bado wanauona ni dhaifu. Ninachokiona mimi ni kuchelewa kwa faida: inaonekana zaidi kadiri muda unavyokwenda, na mabaki ya arosto ni tatizo la muda mrefu.

Yoga imezua kelele nyingi kuliko inavyostahili, kwa wapenzi na kwa wapinzani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, wagonjwa 61 wa methadoni nchini Marekani waligawanywa, nusu yoga na nusu tiba ya mazungumzo ya kikundi, pamoja na dozi zao. Baada ya miezi sita wote walikuwa na nafuu, na hakuna upande ulioshinda. Huko Bangalore, India, wanaume 60 waliokuwa wakitoka kwenye pombe walifuatiliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006. Waliofanya mazoezi ya pumzi ya yoga kwa wiki mbili walipungukiwa na sonona na kotisoli zaidi ya wenzao. Ni matokeo madogo, ya kawaida, ya kweli. Kuhusu dini, baraza la fatwa la Malaysia lilipotoa tamko dhidi ya yoga mwaka 2008, mashaka yalikuwa kwenye mantra na ibada ya Kihindu iliyochanganyika na mazoezi. Kunyoosha mgongo na kupumua si mali ya mtu. Ukumbi wa yoga ukikuletea shida, cheza mpira ufukweni kila jioni. Kwa usingizi na kwa hasira, jasho la mchezo linakaribiana sana na mkeka wa yoga, tena lina marafiki ndani yake.

Kuumika na kujifukiza nimeulizwa sana. Chuku na vikombe vya hijama huwapa watu faraja, na sina ugomvi na faraja, mradi kila wembe ni mpya na unatupwa mbele ya macho ya mgonjwa. Nyungu ni hatari zaidi kuliko inavyodhaniwa kwa anayetumia methadoni, maana dawa hiyo yenyewe hutoa jasho jingi. Ukimfunika blanketi juu ya sufuria inayochemka unaweza kumzimisha. Mitishamba iulizwe kwanza kliniki. Mmea uitwao wort ya Mtakatifu Yohana, unaouzwa madukani kwa ajili ya huzuni, hushusha kiwango cha methadoni kwenye damu na pia huvuruga baadhi ya dawa za kufubaza VVU. Ibogaini, inayotokana na mmea wa iboga wa Gabon na inayotangazwa mtandaoni kama mkato wa kutoka kwenye unga kwa usiku mmoja, huvuruga umeme wa moyo na imeua watu.

Rifampisini, dawa ya kifua kikuu tunayoitoa kila siku katika hospitali zetu, nayo hushusha methadoni kwenye damu, tena kwa nguvu zaidi kuliko wort ile. Hili nalitaja kwa sababu ya kosa ninaloliogopa kuliko yote. Mgonjwa anaanza dawa za TB, wiki ya pili anatoa jasho alfajiri, anapiga miayo, mifupa inauma. Mshauri mwenye nia njema anamwambia: "Ni mabaki ya arosto hayo kaka, vuta pumzi." Si mabaki. Ni arosto mpya, dozi imekuwa ndogo, na anachohitaji ni daktari wa kuipandisha leo. Mazoezi ya kutuliza mwili yasitumike kamwe kufunika dozi haba. Mjamzito naye asishawishiwe kuacha methadoni kwa ajili ya yoga. Arosto yake inamfikia mtoto tumboni. Na kwa mlevi wa pombe au wa Valiamu hadithi ni tofauti mwanzoni kabisa: kuacha kwao ghafla kunaleta degedege na kunaweza kuua, kwa hiyo wapitie hospitali kwanza, pumzi zifuate.

Halafu kuna kahawa. Nimeona vijana wakihangaika na tafakuri na mafuta ya mchaichai, na saa tatu usiku wako barazani na kikombe cha nne cha kahawa chungu, sigara mkononi, mirungi mfukoni. Kabla ya tiba yoyote ya kigeni: kahawa ya mwisho iwe kabla ya saa nane mchana, saa ya kuamka iwe moja kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, na simu ilale chumba kingine. Haya hayana mvuto na hakuna anayeyatangaza.

Kwa wenye mamlaka nina ombi dogo. Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni mwaka 2011, Mwananyamala na Temeke zikafuata, na Malindi nchini Kenya ikaanza mwaka 2015. Katika kliniki hizi watu hufika kila asubuhi, hupanga foleni, hunywa dozi dirishani mbele ya mfamasia, husema neno ili ionekane wamemeza, kisha huondoka. Wengi wanarudi moja kwa moja kwenye kijiwe kilekile kwa sababu siku ni ndefu na hawana pa kwenda. Mkusanyiko upo tayari, bila gharama ya kuwaita. Nusu saa kwenye chumba chenye feni na viti, mara tu baada ya dozi na kabla dawa haijafika kileleni na kuwatia usingizi, mikononi mwa mtu aliyepona na aliyefunzwa vizuri, ni mishahara miwili au mitatu kwa kliniki. Wanawake wapewe siku yao na mkufunzi wao, maana hakuna binti aliyetoka kijiweni atakayepumzika akiwa amezungukwa na wanaume waliokuwa wakimuuzia. Na kwenye kila kipindi, kabla watu hawajaondoka, lisemwe bila kificho: aliyeacha miezi mitatu akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kufa siku hiyohiyo, kwa sababu mwili umekwisha kuusahau unga ule, hata kama kichwa bado kinaukumbuka.